Matembezi ya kila wiki kando ya mto au ziara moja ya Mikumi: mtoto wa miaka minne hujifunza nini, na wapi zaidi?

Mwalimu wa Awali, Morogoro

Ndugu walimu na wazazi, ninaomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo tumelijadili shuleni kwetu bila kufikia muafaka. Ninafundisha darasa la awali hapa Morogoro mjini, na watoto wangu wana umri wa miaka minne na mitano. Kila mwaka shule huandaa ziara ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa madarasa yote, la awali likiwemo, na wazazi huchangia nauli ya basi, chakula na kiingilio. Ni siku njema, na watoto huisubiri kwa hamu. Hata hivyo, nimekuwa nikiwaangalia wadogo wangu ndani ya lile basi: wanalala njiani, wanaamshwa ili wamwone tembo aliye mbali, wanamtazama kwa dakika chache kupitia dirisha ambalo wengine hawalifikii, na wakirudi nyumbani wanachosimulia zaidi ni soda na biskuti.

Kwa sababu hiyo nimependekeza kwamba watoto wa awali wasiende, na badala yake tuwe na matembezi ya kila wiki ya muda wa saa moja, asubuhi kabla jua halijawa kali, kutoka getini kwetu hadi kwenye miti iliyo karibu na mto na kurudi, njia ileile kila mara. Baadhi ya wazazi wameniuliza, na wana haki ya kuuliza, mtoto atajifunza nini katika njia anayoipita kila siku akiwa mgongoni mwa mama yake au juu ya bodaboda. Mwalimu mwenzangu naye anaona kwamba saa hiyo itaibwa kutoka kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu.

Hivi karibuni nilitoka na kundi dogo ili nione. Tulisimama chini ya mgunga ambao minana wameutundika viota vyao. Dume mmoja alikuwa anafuma kwa ukanda wa jani bichi, anauingiza kwa mdomo, anauzungusha, kisha anauvuta kutokea upande wa pili. Mtoto mmoja ambaye darasani hafungui kinywa akauliza kwa sauti kwa nini kiota kile ni cha kijani na cha jirani yake ni cha kahawia. Nilimuuliza yeye anaonaje, na kabla hajajibu mwenzake akasema kwamba kile cha kahawia kimezeeka.

Ninachoomba ni hiki: kwa mtoto wa umri huu, ni nini hasa anachojifunza katika matembezi ya namna hii, kiasi kwamba ninaweza kumweleza mzazi kwa maneno anayoyaelewa na bila kutia chumvi? Na je, ni halali kuwanyima ile ziara ya Mikumi?

Mwalimu Mstaafu, Lushoto

Mwalimu, hongera kwa swali. Nimefundisha watoto wadogo kwa sehemu kubwa ya maisha yangu huku Usambara, ambako msitu uko jirani na shule nyingi, na nitakujibu kwa kirefu kwa sababu jambo hili ninalipenda.

Anza na swali la yule mtoto wako mkimya. Amelinganisha vitu viwili vya aina moja, ameona kwamba vinatofautiana kwa sifa moja tu, yaani rangi, na amehisi kwamba tofauti hiyo lazima iwe na sababu. Mwenzake ametoa sababu, na sababu yenyewe ni ya kweli, kwa kuwa kiota hufumwa kwa majani mabichi na hubadilika rangi kadiri yanavyokauka. Mkirudi pale wiki ijayo, wataona wenyewe kile cha kijani kimeanza kufifia, na dhana ya yule mwenzake itakuwa imehakikiwa mbele ya macho yao. Ndiyo maana njia ileile ni bora kuliko njia mpya kila wiki: mtoto hawezi kugundua badiliko mahali ambapo hajawahi kupaona kabla. Kuna jambo jingine la kuwaonyesha hapohapo. Dume ndiye anayefuma, na jike huja kukagua kazi. Asiporidhika, kiota hicho hukosa mwenyewe, na mara nyingi dume hukibomoa na kuanza kingine. Vile vilivyoanguka chini mnaweza kuvitazama kwa karibu, mkaona jinsi ukanda mmoja ulivyopita juu ya mwingine na chini ya unaofuata, kisha darasani mkajaribu kusuka ukili kwa mikono yenu. Watoto wangu walipojaribu waligundua kwamba mdomo wa ndege una kazi kubwa kuliko walivyodhani.

Kisha kuna lugha, na hapa ninaomba walimu wenzangu wanisikilize kwa makini. Mtoto wa mjini huja kwetu akiwa na neno moja, mti, kwa kila kinachoota, na neno moja, dudu, kwa kila kinachotambaa. Katika matembezi anapata mwarobaini, mlonge, mgunga, jongoo, sisimizi, kichuguu, kumbikumbi; anapata kukwaruza, kunyumbulika, kunata, chachu, teketeke. Zaidi ya hayo, anaifanyia kazi sarufi yetu bila kukaririshwa: mti mrefu, jani refu, kijiti kirefu, mizizi mirefu. Sijaona ubao unaoleta ngeli kwa urahisi kama mtoto anayetaka kumwonyesha mwenzake kitu kabla hakijakimbia. Walio na bibi nyumbani watakuletea majina ya Kiluguru pia, na uyapokee kwa heshima, kwa sababu mara nyingi bibi ana jina la mmea ambao sisi walimu tunauita jani tu.

Hesabu imo pia, kwa kuwa huanza na kulinganisha maumbo, ila usiitafute kwa nguvu. Chuma jani dogo moja la mwarobaini na moja la mlonge, uwaachie watoto dakika chache bila kusema neno. Watakuambia kwamba la kwanza lina kingo zenye meno na ncha kali, na la pili ni la mviringo na laini pande zote. Sidai kwamba jani linafundisha herufi. Ninachosema, na nimekiona kwa miaka mingi, ni kwamba mtoto aliyezoea kutulia na kutafuta tofauti ndogo hafanyi pupa anapowekewa b na d mbele yake.

Kuhusu Mikumi, usiifute, iahirishe. Tembo ni kiumbe cha kustaajabiwa, na mtoto wa darasa la tatu au la nne anaweza kuuliza anakula nini, anakunywa wapi na kwa nini anagombana na mashamba ya watu. Mtoto wa miaka minne hujifunza kwa kile anachoweza kukigusa, kukinusa na kukirudia. Friedrich Fröbel, Mjerumani aliyeanzisha mwaka 1837 taasisi ambayo mwaka 1840 aliipa jina la bustani ya watoto, alimpa kila mtoto kipande chake kidogo cha bustani, kwa sababu aliona kwamba umri ule unahitaji kitu cha karibu cha kukitunza.

Neno la mwisho kwako: tembea kwa mwendo wa mtoto mdogo kuliko wote. Kama mmeenda mita mia mbili tu kwa saa nzima, hamjachelewa popote.

Mzazi, Dodoma

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma maelezo yako kwa heshima, ila ninaomba kutoa upande wa mzazi anayelipa ada.

Mimi nilikulia kijijini, Kondoa. Nilichunga mbuzi kabla sijaanza shule, nikajua mbuyu upi una ubuyu mtamu, mzizi upi unaliwa na nyayo zipi ni za fisi, na hapakuwa na mtu aliyeliita hilo somo. Nilipohamia mjini na kuanza darasa la kwanza nilikuwa nyuma ya wenzangu wote kwa kusoma, nikachekwa, na yale niliyoyajua porini hayakunisaidia hata swali moja la mtihani. Ninampeleka mwanangu shule ili apate kile ambacho mimi sikukipata. Sasa ninauliza bila nia ya kubeza: kama kutembea kwenye miti na wadudu kuna faida yote hii, kwa nini watoto wa vijijini, ambao wanatembea mbali kila siku kwenda shule na kurudi, hawaongozi katika matokeo? Na kama mtoto wangu atapata haya bure kwa babu yake wakati wa likizo, kwa nini niyalipie?

Mama wa PP2, Kilifi

Mzazi wa Dodoma, swali lako ni zito na linastahili jibu la kweli, kwa hivyo sitalikwepa. Mtoto wa kijijini hushindwa mtihani kwa sababu ya darasa lenye watoto wengi kupita kiasi, vitabu vichache, njaa ya mchana na lugha ya mtihani ambayo si ya nyumbani. Hakuna hata kimoja katika hivyo kilichotokana na kuujua mbuyu. Wewe uliingia darasani na ujuzi mwingi, na mwalimu wako hakukuuliza hata siku moja unajua nini. Tofauti kati ya kuchunga mbuzi na matembezi anayoyataka Mwalimu wa Morogoro ni kwamba hapa pana mtu mzima anayesimama, anayesikiliza, anayeuliza, na anayerudi darasani na yale yaliyosemwa. Kutembea peke yake hakufundishi kila kitu; mazungumzo ya njiani ndiyo yanayofanya kazi. Ukiniambia kuna mwalimu anayewatoa watoto nje huku yeye mwenyewe akiangalia simu, nitakubaliana nawe kwamba fedha yako imepotea.

Huku kwetu Kenya, Shughuli za Mazingira ni sehemu ya mtaala wa PP1 na PP2, yaani miaka miwili ya elimu ya awali, lakini shule nyingi huzifanyia kitabuni, mtoto anapaka rangi picha ya mti akiwa amekaa chini ya dari, na mti wenyewe uko nje ya dirisha. Mimi huwapeleka watoto kwenye mikoko, upande wa hori la Mida, maji yakiwa yamekupwa. Nitaeleza mambo mawili tu ambayo wameyapata huko.

La kwanza ni wakati. Watoto waliuliza kwa nini leo tunaenda mapema na mara iliyopita tulikwenda baadaye. Nikawaambia tunaifuata bahari, nayo haifuati saa ya ukutani: hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50 kuliko jana yake. Hawawezi kuielewa dakika, lakini tukasimamisha kijiti kwenye ukingo wa maji, tukatazama kaa, na tulipogeuka kijiti kilikuwa kimezungukwa. Mtoto wa mvuvi mmoja akaeleza wenzake kuhusu bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na maji mafu, inapojaa na kupwa kidogo, kwa ufasaha ambao mimi sina, kwa sababu baba yake huishi kwa kalenda hiyo. Siku ile yule mtoto alikuwa ndiye mwalimu, na tangu hapo amebadilika hata darasani.

La pili ni uvumilivu, na hili liliwajia kutoka kwa kaa wale wadogo ambao dume lake lina gando moja kubwa na jingine dogo. Ukifika kwa kishindo, wote huingia mashimoni na unabaki na matope matupu. Ukichutama na kunyamaza, baada ya muda mmoja hutoa macho, kisha mwingine, na punde uwanja mzima unapungiana magando. Hakuna adhabu wala zawadi ninayoweza kutoa ambayo ingewanyamazisha watoto wa miaka mitano kwa muda ule. Walinyamaza kwa sababu waliona wenyewe kwamba kelele ina gharama. Walipomaliza, mmoja akaokota mbegu ya mkoko, ile ndefu inayochipua ikiwa bado imening'inia mtini, tukaichomeka matopeni, na sasa kila tukirudi swali la kwanza ni kama imetoa jani.

Kwa wale wasio na bahari, jongoo anatosha. Katika machimbo ya zamani ya saruji pale Bamburi, Mombasa, ambako ardhi ilikuwa imebaki mwamba mtupu wa matumbawe, mtaalamu wa kilimo René Haller alianza kupanda mivinje mwaka 1971. Miti ilikua, lakini majani yake makavu yaliyoanguka hayakuoza, yakarundikana. Aliyetatua shida hiyo ni jongoo: waliletwa wengi, wakayala majani yale, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo ambao leo unabeba msitu. Nikiwasimulia watoto kisa hiki tukiwa tumechutama mbele ya jongoo mmoja anayetafuna jani, hawamkanyagi tena. Wanampisha njia.

Muuguzi wa Watoto, Mwanza

Ninaomba kuongeza upande wa afya, kwa sababu wazazi wengi wanaopinga matembezi haya wanaogopa zaidi magonjwa kuliko kupotea kwa muda, na hofu yao si ya bure.

Kwanza yale mazuri. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 unaotaka mtoto wa miaka mitatu na minne awe katika mwendo kwa jumla ya angalau dakika 180 kwa siku, na asikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja. Darasa la awali ambalo mtoto anakaa kwenye dawati asubuhi nzima haliwezi kuufikia mwongozo huo. Macho nayo yanahitaji mwanga wa nje: huko Guangzhou, China, wanafunzi wa darasa la kwanza walioongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya shule walifuatiliwa kwa miaka mitatu, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba waliopata tatizo la kutoona mbali walikuwa kama 30 katika kila 100, wakati kwa wenzao ambao hawakuongezewa walikuwa karibu 40. Na huko Ufini, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulihusu vituo vya kulelea watoto ambavyo viwanja vyake viliwekewa udongo na mimea ya msituni. Kwa siku 28 tu za kucheza hapo, vijidudu visivyo na madhara kwenye ngozi za watoto viliongezeka aina, na damu yao ilionyesha dalili za kinga ya mwili iliyo tulivu zaidi. Udongo, basi, si adui.

Pamoja na hayo, udongo wetu na maji yetu si ya Ufini. Huku kwetu ziwani sitakubali mtoto aingize mguu kwenye maji yaliyotulia ya ufukweni au bwawani, kwa sababu vimelea vya kichocho hutoka kwenye konokono wa majini na kupenya ngozi isiyo na jeraha lolote. Mto wa Morogoro utazameni kutoka ukingoni, na msiwaache wakanyage madimbwi. Viatu vilivyofunika vidole ni vya lazima, kwa ajili ya minyoo ya safura, funza na miiba. Kila mwalimu ajue kuitambua mimea mitatu ambayo imejaa kwenye ua na majalala yetu: mnyaa, ambao utomvu wake ukiingia jichoni huleta maumivu makali na unaweza kudhuru uwezo wa kuona, mbono, ambao mbegu zake za madoadoa huvutia watoto kwa uzuri na ni sumu kali, na mnanaha, ambao una sumu katika kila sehemu. Jongoo atazamwe, na anayemgusa asijipanguse macho, kwa kuwa baadhi yao hutoa majimaji yanayowasha. Vivyo hivyo viota vilivyoanguka, Mwalimu Mstaafu, vishikwe na mwalimu, watoto watazame, kwa kuwa viota huwa na viroboto na utitiri. Mikono ioshwe kwa sabuni mkirudi, kabla ya uji.

Haya nayo ni mafunzo. Mtoto anayeonyeshwa mbono na kuambiwa sababu atauepuka hata mwalimu asipokuwepo. Yule anayefungiwa ndani atakutana nao siku moja akiwa peke yake.

Baba wa Wawili, Ujerumani

Salamu kutoka Ujerumani, ninakoishi na familia yangu. Mwanangu wa pili anasoma katika chekechea ya msituni, na kwa kuwa jambo hili linahusu moja kwa moja hofu ya Mzazi wa Dodoma, nimeona niandike.

Chekechea hizi zilitokana na mfano wa Denmark, na ile ya Flensburg, mji wa hapa Ujerumani, ilitambuliwa rasmi mwaka 1993. Watoto wa miaka mitatu hadi sita wako msituni karibu asubuhi yote, mvua na theluji zikiwemo, na wana gari kubwa la mbao la kujikinga hali ikiwa mbaya sana. Hawafundishwi kusoma. Kwa kweli chekechea nyingi za hapa, za msituni na za kawaida, hazifundishi kusoma. Kazi hiyo huanza shuleni wakiwa na miaka sita. Mkubwa wangu alianza hivyo na sasa anasoma vizuri kwa lugha mbili.

Hata hivyo sitaki kumdanganya mtu. Mkubwa wangu alipofika darasa la kwanza alikuta vitabu vya kutosha, maktaba ya mtaa, na mwalimu anayemjua kwa jina. Nikiyatoa hayo yote na kubakiza msitu tu, sijui mzazi yeyote ambaye angekubali, na mimi nisingekubali. Kwa hiyo ninamuunga mkono Mama wa PP2: matembezi yaambatane na mwalimu mzuri na darasa zuri, yasichukue nafasi yake.

Ninachoweza kuwapa wenzangu wa nyumbani ni kanuni chache ambazo watoto hawa wanazijua kama wanavyojua majina yao. Hawaendi mahali ambapo hawamwoni mwalimu, na njia ina vituo ambapo waliotangulia lazima wasimame hadi wa mwisho afike. Hawali chochote kilichochumwa bila ruhusa. Kijiti kinabebwa kikiwa kimeelekezwa chini, na hakuna kukimbia nacho. Jioni kila mzazi hukagua mwili wa mtoto kama ana kupe, kwa kuwa kupe wa huku hueneza ugonjwa. Mwanangu ana miaka minne, na ukimkuta kwenye kituo chake cha kusubiri, hasogei hata umwite wewe baba yake. Utii huo hakuupata kwa kukemewa. Ameupata kwa kukabidhiwa uhuru wenye mpaka anaouelewa.

Mzazi, Dodoma

Nawashukuru wote, na hasa Mama wa PP2 kwa kusema wazi kwamba kosa halikuwa langu wala la mbuyu. Jambo hilo sikuwahi kuambiwa na mtu. Limebaki swali moja, nalo ninaliuliza kama mzazi aliye tayari kushawishika: mwanangu akirudi nyumbani Ijumaa, nitajuaje kwamba amejifunza? Daftari la herufi ninaliona. Matembezi nitayaonaje?

Mwalimu wa Awali, Morogoro

Nimejifunza mengi kuliko nilivyotarajia. Nitauandikia uongozi kwamba watoto wa awali wasubiri Mikumi hadi watakapofika madarasa ya juu, na nitaambatisha kanuni za usalama alizozitaja Muuguzi, ikiwemo orodha ya mimea mitatu. Viota nitavishika mwenyewe. Swali la Mzazi wa Dodoma ndilo nitakaloulizwa kwenye kikao cha wazazi, na bado sina jibu la kuridhisha. Mwalimu Mstaafu, wewe ulifanyaje?

Mwalimu Mstaafu, Lushoto

Marahaba, mzazi wa Dodoma. Muuguzi, nimekubali kuhusu viota. Jibu la swali hili ni karatasi kubwa na kalamu ya wino mzito.

Mkirudi na mkishanawa, kaeni chini kwa duara na umuulize kila mtoto jambo moja aliloliona. Anachokisema ukiandike mbele yake kwa herufi kubwa, kwa maneno yake yeye, pasipo kuyapamba. Mtoto akisema, "Jongoo alijikunja nilipompulizia," andika hivyohivyo, huku ukitamka kila neno unapoliandika, kisha mpe nafasi achore kando yake. Halafu msome pamoja, kidole kikipita chini ya maneno. Wengi wa watoto wangu sentensi ya kwanza kuisoma maishani mwao ilikuwa ni sentensi waliyoisema wenyewe, nao waliijua maana yake kabla hawajaijua herufi hata moja. Kwa njia hii ile saa anayoilalamikia mwalimu mwenzako hairudi mikono mitupu, kwa sababu inaleta darasani kitu cha kusomwa. Na mtaala wetu wa awali hauko mbali na haya, kwa kuwa kuwasiliana, kutunza mazingira na kutumia dhana za kihisabati ni mambo unayotakiwa kuyafundisha kwa vyovyote.

Karatasi hizo usizitupe. Ziandike tarehe na uzitundike kwa mfuatano, na siku ya kikao waombe wazazi wasome ya mwezi wa kwanza na ya mwezi wa sita kwa mtoto mmoja. Mwanzoni utakuta ameandikiwa, "Niliona ndege." Baadaye utakuta kitu kama, "Mnana dume amebomoa nyumba yake kwa sababu mke hakuitaka, na sasa anachuma majani mengine." Mzazi mwenyewe ataona sentensi imerefuka, ataona sababu na matokeo, ataona majina. Na wewe Mzazi wa Dodoma, usisubiri daftari. Ijumaa jioni mwulize mwanao kitu kimoja tu: leo mlirudi pale pale, kimebadilika nini? Kisha umweleze na wewe habari za nyayo za fisi, kwa sababu hilo ni somo ambalo mwalimu wake wa Dodoma mjini huenda hana.

Kwa kuanza, Mwalimu, chukua watoto wachache na mtu mzima wa pili, mama mmoja wa hiari anatosha, na uanze kabla ya vuli. Mvua za kwanza zikinyesha, kumbikumbi watatoka na kudondosha mabawa yao njiani, na ni vizuri watoto wako wawe wameshaijua njia hiyo ikiwa kavu.